Kifua cha Ukoo

“Wewe mwenye macho, hebu niambie: hili ni gauni la bibi harusi au ni ngozi ya chui?”

Mama Pindo alikuwa amepanda kwenye kigoda chake, kama afanyavyo kila ugomvi unapoiva, na nusu yake ya juu ilikuwa imetokeza juu ya ukuta unaotenganisha nyua mbili. Alishika gauni lililoanikwa asubuhi likiwa jeupe, na sasa lilikuwa na vidoa vya buluu kuanzia shingoni mpaka chini. Upande wa pili Metaliki alizima kompresa yake ya kupulizia rangi, akainua miwani yake, akalitazama gauni kwa jicho la fundi.

“Buluu hiyo imekaa vizuri,” alisema. “Haijachuruzika hata kidogo.”

Madirisha ya jirani yakaanza kufunguka moja moja. Hakuna aliyetaka kuja kuhadithiwa. Ugomvi wa hawa wawili haukuwa na matusi, ulikuwa na ladha tu, na aliyeukosa alishinda siku nzima akijiona kapunjwa.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Metaliki alikuwa mpiga rangi wa magari, na karakana yake ilikuwa ua wa nyumba yake: turubai juu ya nguzo nne, kompresa, makopo ya thina ya kuyeyushia rangi, na upepo. Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, na upepo huo huo ndio aliokuwa akiutegemea kukaushia nguo za wateja. Upepo nao haukuwa na ubaguzi, ulimhudumia kila mtu.

“Mimi sina gari,” Mama Pindo aliendelea, sasa akiyahutubia madirisha. “Sina pikipiki. Hata toroli sina. Lakini mapafu yangu yameshapigwa koti tatu za rangi ya magari ya watu. Na bwana huyu bado anapuliza bila kitu puani, utadhani anapuliza marashi.”

“Rangi haimdhuru mwenye kifua,” Metaliki akajibu.

Hapo alikuwa ameigusa hadithi anayoipenda kuliko zote. Marehemu baba yake alipuliza rangi tangu ujana mpaka kipara kikamkamilikia, hakuziba pua hata kwa leso, na hakuna aliyewahi kumsikia akikohoa. Kilichomuua ni paa. Alipanda kumfukuza paka, akateleza, katika umri ambao wenzake walikuwa wanasaidiwa kushuka kitandani. Na aliyekuwa anahema, Metaliki hakuacha kuongeza, alikuwa paka.

“Ukoo wetu vifua ni chuma,” alimalizia. “Na jioni nikimaliza kazi nashusha jagi langu la maziwa. Rangi inaingia, maziwa yanaitoa. Biashara imeisha.”

“Na huyo mtoto je?”

Mtoto mwenyewe alikuwa binti wa Metaliki, wa pekee, aliyekuwa akipiga msasa mlango wa gari huku akijifanya hasikii. Mtaa mzima ulijua kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao baba yake angemkabidhi bunduki ya rangi, ile ile aliyotumia babu, mbele ya ndugu wa pande zote. Tangu ajue kusema, kila alipoulizwa atakuwa nani alionyesha bunduki hiyo kwa kidole. Mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wa baba, na baba alikuwa wa kwanza kulisema hilo, tena kwa wateja. Metaliki hakuwa na mtoto mwingine wala ndoto nyingine. Alichotaka ni kuiona ile bunduki ikishikwa na mkono wa tatu wa ukoo, kisha apumzike.

“Huyo ana kifua cha babu yake,” alisema.

“Ulikipima?”

Kabla hajajibu, geti likagongwa. Akaingia dada mmoja mwembamba, begani amening’iniza kisanduku cha kuwekea vitu vya baridi, akasalimia kwa adabu na kujieleza. Alitoka maabara ya chuo. Walikuwa wanatafuta wapiga rangi wa magari watakaokubali kutoa damu, ili waangalie kwa hadubini kama rangi na thina vinaharibu kitu ndani ya chembe za mwili, na kwa nini vinawaharibu wengine zaidi ya wengine. Walihitaji pia watu wa rika hilo hilo wasiofanya kazi ya rangi, wa kulinganisha nao.

Mtaa ukambatiza papo hapo: Dada Hadubini.

“Mimi hapa wa kulinganisha,” Mama Pindo alisema kutoka juu ya ukuta. “Safi. Kazi yangu uzi na sindano.”

“Andika na mimi,” Metaliki akasema. “Tena nianze mimi. Tuone chuma na uzi kipi kinakatika.”

Wakawekeana sharti mbele ya mashahidi wa madirishani. Damu ya Metaliki ikionekana imeharibika kuliko ya Mama Pindo, atahamishia upulizaji mbali na ukuta. Isipoonekana hivyo, Mama Pindo atashuka kwenye kigoda na hatazungumzia upepo tena maishani mwake. Dada Hadubini alijaribu kusema kwamba utafiti haukuundwa kwa ajili ya mashindano, lakini sauti yake ilikuwa ndogo na mtaa ulikuwa umeshaanza kugawanyika makundi mawili.

Siku ya kutolewa damu, Metaliki aliingia kliniki amevaa shati la kutokea. Kitu kimoja tu kilimtia wasiwasi, nacho hakumwambia mtu. Wiki ile alikuwa amepuliza basi zima rangi ya kijani. Sindano ilipoingia akageuza uso ukutani.

“Imetoka ya rangi gani?” aliuliza.

“Nyekundu,” Dada Hadubini akamwambia.

“Nyekundu ipi?”

“Ya damu, mzee.”

Akageuka akatazama, akashusha pumzi. Mtaani alitangaza kwamba damu yake imeonekana nyekundu ya kiwandani, haijachanganywa na kitu. Hakusimulia kwamba alipoulizwa anavaa kinga gani kazini alijibu “maziwa”, na kwamba yule dada alimwomba arudie kabla ya kuandika.

Mama Pindo naye alirudi amejaa sifa, akisema sindano ilimsikiliza. Lile gauni la madoa, kwa taarifa ya wanaouliza, bibi harusi alilipenda akalivaa hivyo hivyo, na rafiki zake wawili wakaja kuomba la aina ile. Jambo hilo lilimuudhi Mama Pindo kuliko madoa yenyewe, maana kesi yake nzuri kuliko zote ilikuwa imemponyoka.

Jumapili ya bunduki ikafika. Ua ulifagiliwa, viti vikaazimwa, sufuria zikapandishwa jikoni mapema. Shangazi, dada wa marehemu baba yake Metaliki, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha misiba na harusi kwa pamoja, alikaa kiti cha mbele kwa niaba ya ukoo wa baba. Upande wa pili alikaa Mjomba, kaka wa marehemu mama yake Metaliki, fundi saa mstaafu, mtu mpole ambaye kwenye shughuli za ukoo huu alizoea kuhesabiwa kama kiti. Gari la mteja lilikuwa chini ya turubai limepakwa tayari praima, ile rangi ya msingi, maana binti angepuliza koti lake la kwanza hapo hapo. Bunduki ilikuwa mezani, imesuguliwa mpaka inang’aa.

Metaliki alikuwa amemwalika Dada Hadubini alete majibu siku hiyo hiyo. Alikuja, akauona umati, akamvuta pembeni.

“Mzee, majibu haya ni ya kwako. Tukae ndani, wawili tu.”

“Hapa hatuna siri.”

“Nakushauri.”

“Mwanangu, nimewaita watu hawa wasikie ushindi. Nikikusikiliza ndani watasema nimepika majibu.”

“Huenda si ushindi.”

“Sema tu,” Metaliki alisema kwa sauti ya kumfikia hata aliye jikoni. “Nimekuruhusu mbele ya wote hawa.”

Juu ya ukuta kichwa cha Mama Pindo kilikuwa kimeshafika.

Dada Hadubini akakaa, akaeleza taratibu. Ndani ya kila chembe ya mwili, alisema, kuna nyuzi zilizoviringwa vizuri zinazoitwa kromosomu, na ndizo zinazobeba maagizo yote ya mwili. Sumu kama mvuke wa thina inaweza kuzikata. Mwili una mafundi wake wa kuunga, lakini wakizidiwa, chembe inapojigawa vipande vinabaki nje kama punje ndogo, na punje hizo zinahesabika kwa hadubini.

“Kama makombo ya uzi chini ya cherehani,” Mama Pindo akasaidia.

“Kabisa, mama.”

“Na yangu?” Metaliki aliuliza, kifua mbele.

“Yako ni mengi, mzee. Tumewapima wapiga rangi waliopuliza muda mrefu kuliko wewe, na makombo yao ni machache kuliko yako.”

Metaliki alitabasamu, kwa sababu uso wake ulikuwa umepangwa kutabasamu na haukupata taarifa mapema.

“Mmechanganya chupa,” alisema.

“Tulirudia mara ya pili. Kisha tukatazama jeni. Kuna jeni moja inayotengeneza kitu cha kusafisha sumu ndani ya chembe. Tuite mfagizi. Kila mtu anategemewa kupata nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Wewe huna hata moja. Rangi wanayoivuta wenzako inafagiliwa, kwako inakaa sebuleni.”

Shangazi akainuka, na viti vya jirani vikasogea vyenyewe.

“Hilo limetoka upande wa mama,” alitangaza. “Samahani, Mjomba, lakini mbele ya watu lazima lisemwe. Marehemu kaka yangu alikuwa chuma. Ninyi watu wa saa mnakaa ndani mnachungulia vigurudumu, mfagizi mtampata wapi?”

“Dada yangu alifagia nyumba hii tangu alipoolewa,” Mjomba akasema polepole, na watu wakagundua kwamba ana sauti. “Nyie hata ufagio hamkumnunulia, alikuja nao.”

“Usibadilishe mada.”

“Ndiyo mada yenyewe.”

“Mimi nilimwambia kaka, oa kwa watu wenye vifua.”

“Na alipopanda paa kumfukuza paka, alikuwa anatumia kifua au kichwa?”

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa, kisha akajuta kukohoa mahali pale siku ile. Dada Hadubini alikuwa ameinua mkono kama mwanafunzi, na ilibidi Metaliki ampigie meza ndipo apewe nafasi.

“Haiwezi kutoka upande mmoja,” alisema. “Kukosa zote mbili ni mpaka baba akupe pengo na mama akupe pengo. Wote wawili.”

“Hata marehemu?” Shangazi akauliza.

“Hata marehemu. Inawezekana yeye alikuwa na mfagizi mmoja akamtosha. Lakini aliyompa mtoto ni ile sehemu tupu.”

Shangazi akatazama mbingu kama anayesubiri marehemu aje ajibu mwenyewe. Hakuja. Akaketi.

“Kwa hiyo nina saratani?” Metaliki aliuliza. Alijitahidi aulize kama mtu anayeulizia saa.

“Hapana. Sikusema hivyo, na kipimo hiki hakiwezi kusema hivyo. Kuna watu wengi tu wasio na jeni hiyo na wanazeeka salama. Ukichukua kundi kubwa, wenye makombo mengi huugua saratani zaidi kidogo kuliko wenye machache, lakini nani na nani, hakuna ajuaye. Jeni huwezi kuibadilisha. Hewa unayovuta unaweza.”

“Nakunywa maziwa kila siku.”

“Maziwa yanapita njia ya chakula, mzee. Rangi inapita njia ya hewa. Miaka yote hiyo havijawahi kukutana.”

Hilo lilimuuma kuliko vyote. Alilifikiria lile jagi, na ule uzito wa tumbo aliokuwa akilala nao akijua amejisafisha, akajiona kama mtu anayeosha gari la jirani kila jioni huku lake likishika kutu.

“Sharti ni sharti,” Mama Pindo alisema kutoka ukutani, na meno yote yalikuwa nje. “Mashahidi mpo. Makombo yangu ni machache.”

“Mama, ya kwako nitakuja kukueleza nyumbani,” Dada Hadubini akamwambia.

“Sema hapo hapo. Ametangaziwa yeye, nitangaziwe na mimi.”

“Kweli?”

“Mimi ni mtu safi, naogopa nini?”

“Machache kuliko ya mzee, ndiyo. Lakini ni mengi kuliko ya mafundi cherehani wenzako wa mitaa mingine. Imebidi tukutoe kwenye kundi la kulinganisha. Unavuta rangi ile ile kupitia ukutani. Na uliniambia unatumia pasi ya mkaa ukiwa umefunga madirisha.”

“Nafunga kwa sababu ya rangi yake.”

“Basi moshi wa mkaa nao unakosa pa kutokea.”

Meno ya Mama Pindo yakarudi ndani polepole. Alishika ukuta kwa mikono miwili, na ghafla alionekana mdogo kuliko kigoda chake.

Metaliki alikuwa na jibu la kejeli tayari mdomoni, tena zuri, lakini lilimkwama. Kushindwa na jirani alikuwa ameshakuzoea. Kumtilia jirani rangi kifuani kweli kweli, kwa makombo yanayohesabika, hilo lilikuwa jambo jingine. Na nyuma yake lilikuja la tatu, ambalo lilimfanya amtazame binti yake aliyekuwa amesimama karibu na meza.

“Na huyu?” aliuliza, chinichini.

“Kwako amepata pengo. Hilo ni hakika, maana huna kingine cha kumpa. La mama yake hatujui mpaka apimwe, akitaka yeye mwenyewe.”

Mke wa Metaliki, aliyekuwa mlangoni pa jiko na mwiko mkononi, akaanza, “Upande wetu sisi...” kisha akamtazama Shangazi, akatazama mwiko, akarudi kukoroga.

“Baba,” binti akasema, “mimi kazi siachi.”

“Sijasema uache.”

“Naona unavyoishika hiyo bunduki.”

Kweli, Metaliki alikuwa ameishika bunduki bila kujua, ameikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Ndugu wote walimtazama. Gari la praima lilisubiri chini ya turubai, na mteja mwenye gari alikuwa amekaa safu ya nyuma ya wageni akidhani mambo haya yote ni sehemu ya huduma.

“Mpe mtoto bunduki,” Shangazi akasema. “Koti moja halimuui mtu. Watu wametoka mbali.”

“Babu yake alinipa mimi hivyo hivyo,” Metaliki alisema. “Alinipa kila alichokuwa nacho. Na asichokuwa nacho pia alinipa. Mimi hicho nimeshampa huyu, hakirudi. Ila hewa sijampa bado. Hewa naweza kuchagua.”

Akafungua bunduki, akatoa kikombe chake cha rangi, akaweka kila kimoja upande wake wa meza.

“Hatupulizi leo. Atapuliza siku atakapokuwa na chumba kilichofungwa, chenye feni ya kuvuta na vichujio, na barakoa ya kuzuia mvuke. Na mimi vile vile. Mpaka hapo ni msasa na kuziba mabonde kwa puti tu.”

“Barakoa nitashona,” Mama Pindo akasema, sauti ikiwa imerudi nusu. “Vitambaa vipo.”

“Kitambaa hakizuii thina, mama,” Dada Hadubini akamwambia. “Inatakiwa ile yenye vichujio maalumu.”

“Haya, nitashona mfuko wa kuitunzia.”

“Na gari langu?” mwenye gari akauliza.

“Lina praima nzuri sana,” Metaliki akamjibu. “Praima hiyo wenzako wanaitamani.”

Ikabaki chumba kitakaa wapi. Kona pekee iliyo mbali na ukuta wa Mama Pindo na mbali na jiko ilikuwa imekaliwa na gari bovu la marehemu, lisilo na injini wala viti, ambalo hakuna aliyethubutu kulisogeza tangu azikwe. Kuku walitagia ndani yake kwa ruhusa maalumu. Metaliki alilitazama, kisha akavua shati la kutokea, akalitundika kwenye nguzo ya turubai.

“Linatoka,” alisema. “Leo hii, wakati watu wapo wa kusukuma.”

“Gari la kaka yangu?” Shangazi akainuka tena.

“Shangazi, mtu inabidi akae kwenye usukani. Mwenye heshima ya kulikalia ni wewe.”

Shangazi alilipima jambo hilo. Akajifunga mtandio kiunoni, akawatoa kuku, akaingia akakalia ndoo iliyopinduliwa mahali palipokuwa kiti, akashika usukani kama amezaliwa nao. Mjomba na yule mteja wakakaa nyuma kusukuma, binti ubavuni, Metaliki mbele akivuta kamba. Dada Hadubini aliweka kisanduku chini akaja kusukuma naye. Gari lililalamika, likang’ang’ania udongo, kisha likatoka kwa kishindo na kuanza kuserereka kuelekea getini.

“Kulia,” Mama Pindo aliamrisha kutoka juu, maana yeye peke yake ndiye aliyeona ua wote. “Kulia, Shangazi. Hiyo ni kushoto.”

“Kulia kwako au kwangu?”

“Kwa gari.”

Liliparua nguzo ya geti, likatoka, likasimama kando ya barabara kana kwamba limeegeshwa na mtu mwenye leseni. Shangazi hakushuka upesi. Alikaa kidogo akiwapungia wapita njia.

Metaliki alirudi uani anahema. Alihema kweli, akainama ameshika magoti, na mara hii hakujificha. Binti yake alikuwa ameshafika kwenye ile kona, anapima kwa hatua mahali feni itakapokaa. Metaliki alipoinua macho alimwona Mama Pindo bado yuko ukutani, kidevu juu ya mikono, kama mtu ambaye shughuli imeisha na hajui arudi ndani kufanya nini. Nyuma yake madirisha ya nyumba yake yalikuwa yamefungwa yote.

“Mama Pindo,” alimwita.

“Sema. Leo nitukane, nimeishiwa majibu.”

“Miaka yote umekuwa ukija kwangu nusu. Hebu shuka kwenye hicho kigoda, zunguka, upite getini. Njoo ndani, chakula kimeshapakuliwa.”